Bendera Hushushwa Polepole

Mzee Sule alifariki alfajiri ya siku ya soko. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu nilipomwona mlangoni kwangu binti yake, jina lake Afisa, kitenge amekifunga kiunoni, macho makavu. Nilimpa pole. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa, kisha akasema lililomleta.

"Mwalimu, nataka baba asindikizwe na bendera."

Alitaka bendera ya Uganda, ile iliyopepea kila siku mbele ya ofisi ya gombolola, tarafa yetu ya Kuluba, ilazwe juu ya jeneza wakati baba yake akipelekwa makaburini, kisha irudishwe mlingotini. Ilikuwa bendera moja tu, na mwenye sauti juu yake alikuwa chifu wa gombolola. Afisa aliamini kwamba chifu angenisikiliza mimi kuliko yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa na digrii na nilikuwa sina ndugu hata mmoja upande ule wa Koboko.

Mwaka huo wa 1991 nilikuwa na miezi michache tu Kuluba. Nilizaliwa Awindiri, mjini Arua, lakini vita vya 1979 vilipofika mjomba alinichukua kwake Jinja, nikakulia huko, nikasomea huko mpaka Makerere. Nilipohitimu niliomba mwenyewe kurudishwa West Nile. Wenzangu walicheka, mmoja aliniuliza kama ninajua kwamba Koboko hakuna umeme. Nilijua. Nilijua pia kwamba kuna watoto waliorudi kutoka ukimbizini wakiwa hawajawahi kusoma historia ya nchi yao, na niliona hiyo ni kazi nzuri kwa kijana. Sekondari yetu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, tukiwa tumeazima vyumba viwili vya shule ya msingi aliyokuwa akifundisha Afisa. Uwanja wetu ulitazamana na gombolola. Barabara ya vumbi ilipita katikati, na soko lilikuwa hapo hapo pembeni.

Kwa hiyo nilimfahamu Mzee Sule. Kila mtu aliyekuwa na shughuli karibu na mlingoti ule alimfahamu. Aliingia Keya, jeshi la mkoloni, akiwa kijana, na usiku wa uhuru, mwaka 1962, alikuwa mmoja wa askari waliovuta kamba uwanjani Arua bendera yetu ilipopanda mara ya kwanza. Aliliacha jeshi miaka michache baadaye, akarudi Kuluba kulima tumbaku na muhogo. Wakati wa Amin, watu wa kwao walipokuwa wakubwa jeshini, yeye alikuwa na jembe mkononi. Lakini vita vilipokuja hakuna aliyemuuliza mtu wa Koboko aliacha jeshi mwaka gani. Alikimbilia Zaire pamoja na kijiji kizima. Waliporudi, kwenye kila kizuizi cha barabarani walimwita jeshi la zamani, wakamvua viatu, wakapekua mahindi yake. Hakuna mtu wa serikali yoyote aliyewahi kumwambia ahsante.

Hata hivyo kila jioni alikuja kusimama kwenye ua wa shule yetu kutazama bendera ikishushwa, na kila jioni aligombana na Lokule, askari wa gombolola. Lokule aliishi mbali, na baiskeli yake haikuwa na taa, basi saa kumi na mbili ilipofika aliifyatua kamba, bendera ikaporomoka, akaibana kwapani kama taulo na kwenda zake. Mzee alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Wewe Lokule! Unashusha bendera ama unaiba nguo ya mutu kwa kamba?" Soko zima lilicheka. Lokule hakucheka.

Mara moja nilimkaribisha mzee darasani kwangu. Aliwaeleza wanafunzi kwamba weusi ni sisi watu, manjano ni jua, nyekundu ni damu, ile inayotufanya ndugu, na kwamba korongo aliye katikati huinua mguu mmoja kwa sababu yuko safarini, na hutazama mlingoti siku zote. Msichana mmoja alimuuliza korongo anakwenda wapi. Mzee alifikiri sana. Alisema hajui, lakini ni vizuri kwamba hajakaa chini.

Kwa hiyo Afisa aliponiomba sikusita. Nilivaa shati langu la mikono mirefu nikavuka barabara.

Chifu Soka, mtu mnene mwenye adabu nyingi, alikuwa ofisini, redio yake ndogo iko juu ya meza. Alikuwa amekwisha kusikia habari za msiba, na alisimama kabisa kunipa pole kana kwamba Mzee Sule alikuwa baba yangu. Nilipomweleza ombi, alikaa tena taratibu.

Alinieleza kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya aliyoyasema ilikuwa kweli. Bendera ya taifa haifuniki jeneza la mtu yeyote mpaka idhini itoke juu. Idhini hiyo ingeanzia Koboko, iende Arua, iende Kampala, na Mwislamu huzikwa siku ile ile. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema mpaka alipoinuka na kufunga mlango. Mwaka mmoja kabla ya hapo, chifu mwenzake upande mwingine aliwaruhusu wanajeshi wa zamani wapige paredi kwenye mazishi, na hakumaliza wiki kazini.

"Mimi nasikia wewe, mwalimu," alisema. "Mzee Sule iko mutu safi, mimi najua. Lakini kesho mutu nafika Arua nasema, Soka nafunika jeshi ya Amin na bendera ya serikali. Nani ataeleza wao kwamba huyu iliacha jeshi zamani? Wewe?"

Nilimwambia ndiyo, mimi. Alinitazama kwa huruma.

Nikaomba basi ipepee nusu mlingoti, siku hii moja tu. Hapo alitikisa kichwa hata kabla sijamaliza. Nusu mlingoti ni maombolezo ya nchi nzima, na anayeyatangaza ni rais. Chifu wa Kuluba hawezi kuamua kwamba Uganda inaomboleza. Hilo nalo lilikuwa kweli, na niliyajua hayo yote vizuri, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu juma lililopita.

Nilitoka, nikasimama chini ya mlingoti. Wachuuzi walikuwa wanatandaza magunia yao; mihogo mikavu, ufuta, vitenge vya Zaire, samaki wakavu waliotandazwa kwenye karatasi. Sitadanganya kwamba nilikata tamaa. Nilikuwa katika umri ambao mtu haamini kwamba sheria nzuri inaweza kumfungia mlango mtu mzuri. Niliamini tu kwamba sijaisoma mpaka mwisho. Basi nikaipitia tena kichwani, kifungu baada ya kifungu. Isiguse ardhi. Isipepee usiku bila taa. Ipandishwe asubuhi, ishushwe jioni. Ipandishwe kwa haraka, ishushwe polepole, kwa heshima.

Nikarudi ndani.

"Chifu," nilisema, "leo jioni bendera itashushwa?"

"Kila jioni nashushwa."

"Saa kumi na mbili?"

"Saa kumi na mbili."

"Na barabara ya makaburini inapita hapa mbele."

Chifu alipunguza sauti ya redio, akaniangalia, akaiongeza tena. Nilimwambia siombi chochote kiongezwe wala kipunguzwe. Bendera ishuke saa yake, ishuke polepole kama sheria inavyotaka. Kama kuna watu wanaopita barabarani saa hiyo, barabara ni ya watu wote.

"Mimi saa kumi na mbili niko hapa ndani," alisema mwisho. "Nasikiliza habari. Mambo ya kamba ni ya Lokule. Na barabara si ya chifu."

Nilimpelekea Afisa habari hiyo. Tulikuwa tumesimama nje ya ua wa nyumba yao, wanaume wakipita na majembe kwenda kuchimba, wanawake wakiingia na sufuria. Nilihofu kwamba angeona nimemletea kitu kidogo mno. Mama yake, Mama Medina, alikuwa ameanza eda. Asingetoka nje ya nyumba ile kwa miezi. Afisa mwenyewe, kama wanawake wote wa kwao, asingefika makaburini. Lakini alifikiri kidogo akasema kwamba ua wa shule si makaburini, ni kazini kwake, na hakuna wa kumzuia kusimama kazini kwake.

"Apite tu mbele yake ikishuka," alisema. "Nione kwa macho yangu. Halafu nirudi nimwambie mama. Hilo linanitosha, mwalimu. Ila liwe."

Nilimwahidi kwamba litakuwa. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi siku zile.

Kwanza nilimfuata shehe wa msikiti wetu, mzee mkali mwenye kikohozi. Alikuwa anawasimamia vijana waliokuwa wakiosha jeneza la msikiti, lile la mbao lenye miguu mifupi. Nilimuuliza kwa heshima kama msafara ungeweza kupita gombolola mnamo saa kumi na mbili. Alinijibu kwamba maiti hasubiri bendera. Sunna ni kuharakisha. Kaburi likiwa tayari na swala ikiwa imeswaliwa, watatoka, iwe saa tisa, iwe saa kumi. Na jua lisizame kabla hajafukiwa. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, alisema kwamba hata hivyo hawawezi kutoka kabla Jada hajafika. Jada alikuwa mwana wa kwanza wa marehemu, dalali wa mizigo kwenye forodha ya Vurra. Mtu alikuwa ametumwa kwa pikipiki tangu asubuhi kumwita. Na kaburi lenyewe lilikuwa limekutana na mwamba.

Kwa hiyo saa ya msafara ilikuwa mikononi mwa mwamba na lori lolote ambalo lingemleta Jada. Ile ya bendera ilikuwa mikononi mwa Lokule.

Nilimkuta nyuma ya gombolola, baiskeli ameigeuza magurudumu juu, anaziba pancha. Nilichuchumaa kando yake. Nilimweleza kila kitu bila kuficha: Afisa, mama yake, chifu, barabara. Aliendelea kukwangua mpira kwa msasa.

"Yule mzee alinitukana mbele ya soko," alisema.

Nilikubali. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu.

"Kila siku. Mwizi wa nguo, mwizi wa nguo. Sasa watoto wangu, wakienda kisimani, wenzao wanawaita hivyo hivyo. Watoto wa mwizi wa nguo. Wewe mwalimu ulisikia hiyo?"

Hilo sikuwa nimelisikia, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba mzee hakuwa anamchukia. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho aliwahi kukifanya vizuri mbele ya nchi nzima, na kila jioni alikiona kinafanywa ovyo. Lokule alipaka gundi, akaipuliza.

"Saa kumi na mbili mimi nashusha," alisema. "Redio ikisema saa, mimi nashusha. Basi."

Hakusema atashushaje. Nilimngoja aseme. Alibandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba, na nikaona kwamba mazungumzo yamekwisha.

Siku ilikuwa ndefu. Nilifundisha vipindi viwili bila kujua nilichofundisha. Adhana ya alasiri ilipigwa; habari zikaja kwamba mwamba umevunjika na kaburi linakaribia kuisha, lakini Jada hajaonekana. Shehe alikuwa amesema atangoja kidogo tu. Baada ya hapo lori la tumbaku lilisimama sokoni, na juu ya magunia nikamwona mtu mrefu akiruka chini na kukimbia kuelekea kwa Mzee Sule bila kumsalimu yeyote. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaanza kuhofu upande wa pili: sasa watatoka mapema mno. Nilitazama jua. Nilitazama barabara. Sokoni watu walikuwa wanafunga bidhaa, na wengine walikuwa wamebaki makusudi, kwa sababu kila mmoja alijua jeneza litapita na mtu husimama kumpa marehemu heshima yake.

Afisa alikuja akasimama nami kwenye ua wa shule, mkono mmoja ameushika mti wa ua. Tuliisikia redio ya chifu dirishani. Lokule alitoka, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda chini ya mlingoti. Barabara ilikuwa tupu.

"Wametoka nyumbani," Afisa alisema. "Niliwaacha wanaswali msikitini. Wako njiani."

Redio ikapiga ile milio yake. Saa kumi na mbili. Sauti ya msomaji habari ikaanza kusema, na bado kwenye kona ya barabara hapakuwa na kitu ila vumbi la mbuzi. Nilimtazama Lokule. Alishika kamba. Alianza kufungua fundo.

Fundo lile nililijua. Lilikuwa la kawaida, la kuzungusha mara mbili. Kila siku alilifungua kwa mkono mmoja. Jioni ile alilifungua kwa mikono miwili, akaliangalia, akalifunga tena sehemu fulani, akalifungua. Alipangusa mikono kwenye suruali. Mbali, kutoka kwenye kona, tukaanza kusikia kalima, sauti nyingi za wanaume zikisema pamoja kwa haraka, la ilaha illa llah, na jeneza likatokea, kitambaa cha kijani juu, Jada mbele kulia, watu wakipokezana mabega bila kupunguza mwendo. Walikuwa wanakaribia kukimbia. Nilipiga hesabu ya macho na nikaona kwamba kwa mwendo ule watatupita mara moja tu, kama upepo. Lakini watapita. Lokule alivuta.

Bendera iliondoka kileleni. Haikuporomoka. Ilishuka kiasi cha kiganja, ikapepea, ikashuka tena, korongo na mlingoti wake wakitazamana, na nilitaka kupiga makofi. Nilitoka kwenye ua nikapiga hatua barabarani ili nione vizuri zaidi.

"Simama," Afisa alisema, akanishika shati kwa nyuma. "Mwalimu. Simama."

Nikasimama, na ndipo nikaona kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitembea.

Soko lote lilikuwa limesimama. Simaanishi kwamba walikuwa wameinuka. Walikuwa wameganda. Mwanamke mmoja alikuwa amejitwisha gunia nusu, mikono juu, na hakulimalizia wala hakulishusha. Kijana juu ya baiskeli alikuwa ametia mguu chini. Mtu aliyekuwa akihesabiwa chenji alibaki ameufungua mkono wake. Na barabarani, mbele kabisa ya mlingoti, jeneza lilikuwa limesimama pia. Kalima ilikuwa imekatika. Wachukuzi walikuwa wamenyooka, visigino pamoja, mikono ya nje imelala kwenye mapaja, nyuso zimegeukia bendera, na Mzee Sule juu ya mabega yao.

Sikuelewa. Afisa alininong'oneza bila kusogeza midomo. Zaire, alisema. Kule Aru, mji wa Zaire walikokimbilia, asubuhi na jioni, bendera ya Zaire ikisogea mlingotini, kila mtu husimama pale alipo. Mwenye mtungi, mwenye mzigo, mgonjwa anayekwenda hospitali. Askari walimpiga mwenyeji aliyetembea, na mkimbizi walimpiga mara mbili. Watoto walijifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma. Waliporudi nyumbani walikuja nalo miguuni, lakini hapa Kuluba Lokule alikuwa akiifyatua bendera upesi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuiona ikishuka. Leo waliiona.

Ilikuwa makosa, bila shaka. Hakuna aliyeamrisha, na hakuna sheria yoyote ya Uganda inayodai hivyo. Na kwa dini yao jeneza halifai kusimamishwa njiani. Nilimtazama shehe. Alikuwa nyuma ya jeneza, mdomo wazi, na nilimsikia akisema kwa hasira, "Twendeni, twendeni," lakini miguu yake mwenyewe ilikuwa imeshikana na mikono iko ubavuni. Naye alikuwa ameishi Aru.

Lokule aligeuza shingo akaliona jeneza limesimama nyuma yake. Sasa kila kitu kilikuwa kwake. Angeweza kufyatua, na wote wangekuwa huru mara moja, na mzigo ungeendelea. Mabega ya wale vijana yalikuwa yameanza kutetemeka. Jada, jasho likimtiririka machoni, alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani:

"Lokule, ndugu yangu. Mzee iko mzito."

"Yeye mwenyewe alitaka polepole," Lokule akajibu.

Na aliishusha polepole. Mkono, halafu mkono. Bendera ilifika nusu ya mlingoti kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika chini, ikapita hapo bila kukaa. Upepo mdogo wa jioni uliifungua, tukaiona yote, weusi na manjano na nyekundu mara mbili, juu ya kile kitambaa cha kijani. Sasa niliiona na ofisi pia. Chifu Soka alikuwa ametoka mlangoni. Redio ilikuwa inaendelea kusoma habari ndani peke yake, na chifu alikuwa amesimama kwenye ngazi, tumbo limeingizwa ndani, mikono imenyooka, akitazama mbele. Nami nilisimama. Sikuwa nimefundishwa Aru, nilisimama kwa hiari yangu tu.

Bendera iliingia mikononi mwa Lokule bila kugusa chini. Aliikusanya kifuani. Halafu alifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya: aliikunja pembe kwa pembe, akailaza juu ya kiganja kimoja, akaifunika kwa kiganja kingine, na akaingia nayo ofisini bila kumtazama mtu.

Soko likatoa pumzi. Mwanamke akamalizia kujitwisha gunia lake. Shehe akasema Mungu atusamehe, kwa sauti kubwa sasa, twendeni, jua hilo, na wachukuzi wapya wakaingia chini ya jeneza, na kalima ikaanza tena, na wakaondoka kwa mwendo wa mbio kiasi kwamba kanzu ya shehe ilipepea. Wanaume wengi wa sokoni, Waislamu kwa Wakristo, waliacha vitu vyao wakawafuata. Chifu alirudi ndani, akazima redio, kisha akatoka na yeye, kofia mkononi, akaenda nyuma ya wote.

Siku chache baadaye mtu alifika Arua na kusema yale ambayo chifu aliyahofu, naye akaitwa kueleza. Niliomba kufuatana naye na akanikubalia, lakini hawakuniita hata kuingia. Aliulizwa kama ni kweli kwamba bendera ilishushwa kwa ajili ya mwanajeshi wa zamani. Alijibu kwamba ilishushwa kwa ajili ya jioni, kama sheria inavyotaka, na kwamba asubuhi yake ilipandishwa. Waliulizana kwa macho, hawakupata kosa. Njiani kurudi, kwenye lori, Soka alicheka peke yake hadi Koboko.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile Afisa alibaki ameshika mti wa ua mpaka sauti za wanaume zikapotea. Nilimsindikiza kwao. Alikuwa anatembea upesi kuliko nilivyozoea, mara nyingine akinitangulia, kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa na anayetaka kufika kabla hakijamwagika.

Nilikaa uani kwenye mkeka wa wanaume, peke yangu, maana wengine wote walikuwa makaburini. Ukuta wa ile nyumba ulikuwa wa udongo na dirisha lilikuwa na pazia tu. Nilisikia wanawake wakinyamaza Afisa alipoingia. Nilimsikia Mama Medina akiuliza kwa Kikakwa, kisha, kwa kuwa kulikuwa na wageni, kwa Kiswahili, kama mzee amepita mbele ya bendera.

"Alisimama," Afisa alisema.

"Nani alisimama?"

"Baba. Na watu wote. Na chifu. Bendera ilishuka, na baba amesimama mbele yake mpaka ikaisha."

Nilidhani sasa kilio kitaanza, nikainamisha kichwa. Badala yake nilisikia mkeka ukivutwa, na mtu akisogea, na sauti ya Mama Medina ikiwa karibu zaidi na dirisha, imara, kama ya mtu anayejitengenezea mahali pa kukaa muda mrefu.

"Keti hapa," alimwambia binti yake. "Anza pale walipotoka mlangoni. Usiache kitu."